Nzi Niliowanyoa

Duka lenyewe halipo tena. Mara ya mwisho nilipopita palikuwa na kliniki ya meno, na kwenye dirisha ambamo zamani zilipangwa fito za kuvulia samaki kulikuwa na picha ya jino kubwa linalocheka. Sikusikitika sana. Maduka hufungwa, na lile lilikuwa limedumu kuliko lilivyostahili, maana wateja wake wengi walikuja kunywa kahawa ya bure na kudanganyana kuhusu ukubwa wa samaki.

Niliingia mle kwa mara ya kwanza mwaka 2005, majira ya baridi, kwa sababu ya basi. Nilikuwa nasafisha ofisi mtaa wa Don Mills, jijini Toronto, na basi la kuunganisha kurudi St. James Town, nilikokuwa nakaa na dada yangu, lilikuwa limechelewa. Nikaingia kujipasha moto. Juu ya kaunta kulikuwa na trei yenye vijumba vidogo vidogo, na ndani ya kila kijumba, nzi. Si nzi wa kuruka: ni ndoana iliyovikwa uzi na manyoya ya jogoo ili samaki aione kama mdudu. Nikamchukua mmoja, nikamgeuza chini ya taa.

"Huyu ametoka Nairobi," nikamwambia mzee mwenye duka.

Akauliza nimejuaje. Nikamweleza kwamba nilifunga nzi kama huyo kwa miaka tisa, kwenye karakana moja pembeni mwa jiji, wanawake thelathini kwenye madawati, kila mmoja na jiliwa lake la kubania ndoana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona samaki akimmeza nzi wetu. Kwa muda mrefu mimi nilidhani Wazungu wanawavaa kwenye kofia.

Mzee hakucheka. Alinivutia kiti, akabana ndoana kwenye jiliwa, akasema, "Nionyeshe." Nilipomaliza wa tatu, basi langu lilikuwa limeshapita. Wiki iliyofuata nikawa na kazi ya siku tatu kwa wiki, kufunga nzi na kupokea wateja.

Alikuwa mtu mkavu, asiyesifu wala kulaumu. Mteja akiniruka na kumwuliza yeye, alijibu bila kuinua kichwa, "Muulize yeye, anajua kuliko mimi." Kulipokuwa hakuna mteja alinitoa nyuma ya duka, pale pa kuegesha magari, akanifundisha kurusha mshipi wenye kipande cha sufu nyekundu mwishoni badala ya ndoana. Siri yote ilikuwa kungoja. Mshipi ukienda nyuma, uuache unyooke, ndipo uupeleke mbele. Mimi nina hasira za karibu, na mshipi ulinijua mapema. Niliinasisha sufu ile kwenye kioo cha gari lake mara nyingi, naye aliinasua, tukaanza upya.

Sasa, kule karakana tulikuwa na desturi moja. Msimamizi alipita na kikopo, na kila nzi aliyekuwa na kasoro, kichwa kikubwa au bawa lililopinda, alimtupa humo. Hao tuliwaita rijekti. Kabla ya kwenda nyumbani ulichukua wembe, ukawanyoa mpaka chuma kikabaki kitupu, ndoana ikatumika tena. Aliyeacha rijekti mezani alionekana mvivu, na mimi sikuwahi kuacha.

Asubuhi moja ya majira ya kuchipua mzee alikwenda kwa daktari wa macho, akaniachia duka. Juu ya meza ya kufungia kulikuwa na boksi la bati, limefunguliwa. Ndani mlikuwa na nzi ishirini na watatu, wabaya ajabu: manyoya yamechakaa, matumbo yamevimba kwa nyuma, hakuna wawili waliofanana. Nikajisemea, maskini, macho yamekwisha, na anaona haya kuniletea rijekti zake. Nikachukua wembe. Niliwanyoa wote, nikasugua ndoana zikang'aa, nikazipanga juu ya kitambaa kwa ukubwa wake. Nilijisikia vizuri. Niliona leo nitasifiwa.

Alirudi, akasimama mbele ya kitambaa bila kuvua koti.

"Waliokuwa kwenye boksi wako wapi?"

"Nimewanyoa."

"Wote?"

"Wote."

Akaniambia, kwa sauti ileile ya siku zote, kwamba wale walifungwa na mtu aliyemfundisha kuvua, kwamba mtu huyo ameshakufa, na kwamba hawakubaki wengine. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akakaa humo mpaka saa ya kufunga.

"Na wewe nawe! Si ungemuuliza kwanza?" dada yangu alisema jioni ile.

"Nimuulize nini? Rijekti ni rijekti."

"Haya, ngoja simu ya kufutwa kazi."

Nilicheka, halafu nikalia. Kazi ningepata nyingine, ofisi za kusafisha hazikuwa haba Toronto. Nilichoogopa kupoteza ni kile kiti kando yake. Nilimpenda yule mzee, na mpaka jioni ile sikuwa nimejua.

Simu haikuja. Kwa wiki mbili alizungumza nami kuhusu uzi na gundi tu, na sufu nyekundu haikutoka nje. Nikafikiria ninaweza kumrudishia nini. Kitu kimoja nilikuwa nacho. Anayemnyoa nzi anaona kazi yote kinyumenyume, tabaka kwa tabaka, na vidole vyangu vilikuwa vimewafungua wote ishirini na watatu. Siku moja nikamwambia ninaweza kumfunga mmoja sawasawa na wale. Akasogea. Nikabana ndoana, na kabla ya kuweka uzi nikazungusha waya mwembamba wa shaba, mara tano, huku nyuma tu, nikaufunika.

"Ndiyo maana walivimba," nikamwambia. "Mkia unatangulia kuzama."

"Waya?"

"Waya. Kwa wote."

Akavua miwani. "Miaka kumi na tano tumesimama kwenye maji mamoja," alisema, "na samaki wanachukua nzi wake, wangu wanawaacha. Nilimuuliza. Akaniambia ni mkono tu, nitauzoea." Akaifuta miwani. "Aliniambia amenifundisha kila kitu."

Nilitamani nimeze ulimi. Kwa wembe nilikuwa nimemnyang'anya nzi tu. Kwa mdomo nilimnyang'anya mtu mwenyewe. Nikafunika kopo la gundi, nikaenda kuosha vikombe.

Jumamosi iliyofuata akaweka kibao cha kufungwa mlangoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akanichukua kwa gari chini ya ghorofa letu. Tuliendesha zaidi ya saa moja kutoka mjini, tukaacha gari, tukatembea kufuata mto mpaka kwenye kona moja ambapo maji yalipunguza mwendo chini ya gogo lililoanguka. Nilijua pale ni wapi. Wateja walikuwa wamembembeleza miaka na miaka awaambie anakovua, naye aliwachorea ramani, kwa uso mkavu kabisa, akiwapeleka kwenye kona nyingine.

"Mahali hapa sijamwonyesha mtu," alisema. "Hata mwanangu."

Akaingia majini na kuanza kunieleza: jiwe la kukanyaga na jiwe la kuogopa, samaki analala upande gani asubuhi, anahamia wapi jua likipanda, nirushe umbali gani na nisubiri kiasi gani. Alieleza haraka haraka, mtu ambaye kwa kawaida ilibidi umvute maneno mdomoni. Nikamwambia hana haja, mimi sikumwuliza.

"Najua hukuniuliza," alisema, na akatoka majini ili nisimame pale aliposimama yeye.