Rangi ya Bluu kwenye Kontrebasi

Wanaume wa korali ya kanisa la Wamaza walitaka kwenda Kasongo kununua kontrebasi, ile besi kubwa ya kamba, bila Mama Dieudonnée, na ni yeye mupigaji! Aliwafokea: "Nani kati yenu anapiga besi? Mutainunua na macho?" Akapanda pikipiki, akaenda mwenyewe.

Kwa fundi Raphaël, mwenye kuchonga vyombo vile vikubwa kushinda mutu, kontrebasi zilikuwa mbili. Moja iling'aa sana. Mama Dieudonnée akavuta kamba yake, akakunja uso. "Hii ni kabati." Ya pili ilikuwa mbao tupu, haina hata sura. Akaikumbatia, akavuta kamba nene, sauti ikamuingia mpaka tumboni. Akacheka peke yake.

"Ni hii, Papa Raphaël."

Wakaizungushia godoro, wakaifunga nyuma ya pikipiki. Yeye akafuata na ingine, na kila penye matope alishuka kuishika.

Kufika Wamaza, aliiacha kwa Papa Théophile, prezida wa korali, maana vitu vya korali vinalala kwake. Sasa korali ile iko na desturi yake: kila kitu kinapakwa rangi ya mafuta, bluu, na jina juu yake, mutu asikiibe. Viti, ngoma, hata ndoo ya maji. Nani alimuuliza Dieudonnée? Hakuna!

Siku ya Mungu akaikuta imesimama kanisani, bluu tupu, KORALI USHINDI kifuani. Watu wakapiga makofi. Akavuta kamba. Aa! Kama mutu anayeongea ndani ya blanketi.

"Papa Théophile, mumefanya nini?"

"Tumeipamba, Mama. Tumepaka mara mbili, ishike vizuri."

"Mumeiziba kinywa! Kama nilitaka rangi, si ningenunua mulango?"

"Mama, tuko kanisani. Piga tu, watu wanaona iko muzuri."

Wanaona! Damu ikamchemka. Akailaza sakafuni, akatoka, akarudi na kipande cha chupa, kile mafundi wanachokwangulia mbao. Akapiga magoti, akaanza na jina.

"Unatoa jina la korali!" Théophile akapiga kelele.

"Ndiyo. Imbeni."

Théophile akaanzisha wimbo, wengine wakafuata. Dieudonnée hakuinua kichwa. Maganda ya bluu yalimjaa kwenye kitenge, na kanisa zima likasikia vile wimbo ulivyo bila besi.