Siku Arobaini za Kimya cha Dada Yangu

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri sauti ya dada yangu ilipokatika. Nakumbuka wakati huo kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza saa, na siku ile nilikuwa nimeketi barazani kwa jirani mwenye arusi, hapa Kisauni, nikimrekebishia saa yake ya mfukoni. Uani wanawake walikuwa wakicheza ngoma ya lelemama. Dada yangu alikuwa mngoi wao, ndiye aliyeanzisha wimbo na wenzake wakamwitikia. Katika ubeti wa tatu akapanda pale pa juu, sauti ikapasuka, kisha ikaondoka kabisa.

Mwanamke mmoja wa chama kingine cha lelemama, wapinzani wao, hakungoja.

"Mpeni maji jogoo wenu! Amewika tangu alfajiri, maskini!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

Tangu miezi minne nyuma alikuwa na sauti ya kukwaruza. Asubuhi ilikuwa nafuu, jioni ikaharibika. Ilikuwa miaka ya vita, vijana wengi walioa kabla ya kuondoka, na yeye aliimba arusi mbili hata tatu kwa juma. Sisi tulisema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Kwetu mtu akikohoa sana au akikauka sauti, kimeo ndicho kinacholaumiwa, na hukatwa. Nilimpeleka mwenyewe Mtopanga kwa mzee mkataji. Alimkata kwa kisu chenye ncha iliyopinda, akampa maji ya chumvi asukutue. Dada alitema damu siku mbili. Baada ya majuma matatu kidonda kilipona, sauti ikawa vile vile.

Ndipo tulipovuka daraja la Nyali kwenda kwa daktari wa mjini. Alikuwa Mhindi, mtu wa maneno machache. Alikipasha moto kioo kidogo chenye mpini mrefu juu ya taa ya spiriti, akaushika ulimi wa dada kwa kitambaa, akakiingiza kioo kooni. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nani alimkata kimeo?"

"Tulidhani..."

"Kimeo kiko mlangoni, bwana. Ugonjwa uko chini, ndani ya nyumba."

Akanichorea. Kooni mna nyuzi mbili za nyama zinazofungana na kufunguka mtu asemapo. Katika kila uzi, mahali pale pale zinapogongana, palikuwa na kinundu kama punje ya mtama. Niliuliza kama ni saratani. Akasema sivyo, hivi havienei wala haviui. Ni sugu tu, kama ile ya kiganja cha mtu wa jembe, na husababishwa na kupaza sauti kupita kiasi. Dawa ni kunyamaza siku arobaini. Asiimbe, asiite mtu, na hasa asinong'one, kwa kuwa kunong'ona kwa nguvu huchosha koo. Visiponywea, atavikata kwa koleo ndefu, kwa shilingi arobaini na tano. Niliyaandika yote katika daftari langu.

Dada alipewa kibao na chaki. Kila siku nilipiga mstari mmoja ukutani. Lakini mama yetu, tuliyeishi naye, alikuwa haoni tangu miaka sita. Kibao kilimfaa nini? Tukapatana kwamba mama akiita, dada apige makofi mara moja.

"Mwanangu!"

Kofi.

"Ndiyo nini hivyo? Nakuita wanifukuza kama kuku?"

"Mama, ni amri ya daktari," nikamwambia.

"Daktari hana mama? Mtoto wa kike akiitwa husema abee. Mimi mlango huu nauona kwa sauti zenu tu."

Dada alicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, kisha akaenda kumshika mkono.

Siku ya tisa, jirani mmoja wa kike alimsalimu kisimani. Dada akainamisha kichwa. Yule akasema kwa wenzake, "Ala! Mngoi siku hizi hajibu salamu zetu." Kwetu kuacha salamu bila jibu ni tusi, na dada hakuweza kulivumilia. Alinong'ona, "Sijambo, dada, mimi ni mgonjwa." Jioni akaniandikia habari hiyo mwenyewe kwenye kibao, kwa uaminifu wake. Mimi nikafuta mistari yote tisa, nikasema tunaanza upya, kesho ni siku ya kwanza. Alinitazama, kisha akakifuta kibao.

Katika hesabu hiyo mpya, siku ya thelathini na mbili mama alishikwa na homa ya mapafu. Kesho yake akawa akisahau kilichomnyamazisha dada.

"Amenikasirikia nini?" aliniuliza.

"Hakukasirika, mama. Huyu hapa, amekushika mkono."

"Mkono ni wa yeyote. Mwambie aniitikie."

Dada alinigeukia. Machozi yalikuwa yakimtoka, midomo imefunguka. Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha vidole saba: siku zilizobaki. Akaufunga mdomo.

Mama alifariki asubuhi ya kesho yake, siku ya thelathini na nne. Kwa hesabu niliyoifuta, kimya kingekuwa kimekwisha siku tatu kabla. Wanawake walipolia, dada aliketi kati yao ameuma upindo wa leso.

Siku arobaini zilipotimia tulirudi kwa daktari. Alitazama kwa kioo chake. Kinundu kimoja kilikuwa kimekwisha, cha pili kimebaki kama alama. Akamwambia aseme "aa", naye akasema, sauti safi kuliko tuliyoijua kwa mwaka mzima. Daktari alifurahi. Mimi nikamuuliza: lau katikati angesema neno moja, polepole, kwa sauti yake ya kawaida?

"Neno moja? Lisingemdhuru kitu. Nasema arobaini kwa sababu watu hawafuati hata ishirini."

Dada alisikia. Tulitoka, tukavuka daraja kwa miguu, na ingawa sasa alikuwa na ruhusa ya kusema, hakusema nami mpaka nyumbani. Operesheni haikuhitajika tena. Tuliokoa shilingi arobaini na tano.