Mgeni wa Evening

Hata leo nikisikia mtu anasema *evening*, masikio yananiwaka moto.

Wakati ule wa Zaïre nilikuwa nimeolewa juzijuzi, tunaishi Kisangani, mtaa wa Mangobo, kwa mama mkwe wangu. Mchana nilikuwa nasoma Kiingereza katika darasa la watu wazima. Mama mkwe hakupenda. "Kiswahili uko nayo, Lingala uko nayo, Kifaransa kidogo uko nayo. Kingereza utaongea na nani, na kuku?" Alitaka niache.

Basi mimi na kiherehere changu nikamwalika mwalimu wetu, mama mmoja Mwingereza, aje kula kwetu, ili mama mkwe aone kwamba masomo yangu si mchezo. Mwalimu akakubali: Jumamosi, *evening*.

Evening! Si nilikuwa naijua? *Morning* asubuhi, *afternoon* mchana, *evening* mangaribi, yaani jioni. Na kwetu Kisangani, jua likiinama tu, mangaribi imeanza. Nikamwambia mama mkwe mgeni atakuja saa kumi.

Alinung'unika, lakini alipika. Alitoa samaki wa moshi aliyeletewa na dada yake kutoka Yanonge, akachemsha ndizi, akazitwanga mwenyewe kuwa lituma. Saa kumi sufuria ziko tayari, majirani wamekaa uani wamejifunga liputa zao, vitenge vya Jumapili, wamekuja kumuona muzungu.

Hakuja. Jua likashuka. "Citoyenne, muzungu yako amepotea njia?" jirani mmoja akaniuliza kwa ile "mwananchi" ya Kifaransa ya wakati ule, wote wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Giza lilipokaribia mama mkwe akasimama. "Chakula ya mugeni hailale. Mubebe." Akagawa chote, kila mtu akaenda na sahani yake.

Nilikuwa nasugua sufuria tupu niliposikia hodi. Mwalimu, na tochi na nanasi, anatabasamu: "Good evening!" Aka! Hakuwa amechelewa hata kidogo. Evening yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

"Mama," nikanong'ona, "kosa si yake. Ni mimi sikujua."

Mama mkwe alimkaribisha ndani. Akampa mgeni kiti, akachukua sahani tupu, akatoka. Kupitia dirisha nilimsikia mama mkwe wangu, mtu ambaye hajawahi kuomba hata chumvi, mlangoni kwa jirani: "Pardon, mama. Ile samaki, kama kulibakia kipande…" Akaenda nyumba ya pili. Akaenda ya tatu. Mimi namchekea mgeni, masikio yangu yako nje.

Alirudi na vipande viwili vya samaki na donge la lituma lililokwisha kung'atwa. Akakata kwa kisu pale penye alama za meno, akalipanga vizuri. Mgeni alikula, akasifu.

Alipoondoka nikasema, "Mama, naacha masomo."

"Uache?" Alikuwa anaosha sahani ya mgeni. "Jumatatu unaenda. Unauliza muzuri evening ya bazungu inaanza saa ngapi. Mimi siwezi kuzunguka tena na sahani."