Kahawa ya Lubero Mjini Lubumbashi

Niliondoka nyumbani kwa sababu simu ya Lubumbashi ilikuwa haipokelewi.

Kwa miaka mingi kahawa ya kilima chetu, huku Lubero, ilikuwa na mnunuzi mmoja wa kutegemewa: Kasereka, mdogo wa mume wangu Paluku. Alihamia Katanga akiwa kijana, akafanya biashara ya jumla ya maharagwe na vitunguu, kisha akafungua chumba cha kunywea kahawa katikati ya mji, jirani na mabenki. Alikaanga mwenyewe. Kila msimu aliagiza magunia yetu, nasi tuliyashusha Goma kwa lori, yakapanda ndege. Msimu huo vita vilikata barabara ya Goma. Magunia yakajaa ghala la parokia mpaka mlango haufungiki, na mizinga tuliyozoea kuisikia mbali ikaanza kutikisa mabati. Tukimpigia Kasereka, simu inalia hadi inakata yenyewe.

Wakulima wakakutana. Paluku ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama chao, hakuweza kuwaacha. Wakasema niende mimi Masika, mke wake.

"Wewe ni shemeji yake," walisema. "Mtu anaweza kumkimbia kaka yake, lakini hawezi kumfungia shemeji mlango."

Paluku alinisindikiza hadi Butembo. Huko tulipata lori la Mtanzania mmoja, Bwana Mussa, aliyekuwa anakwenda Katanga kuchukua shaba na alikuwa anatafuta mzigo wa kujaza nafasi. Tulipakia magunia yote ya msimu, kahawa iliyokauka bado ikiwa na ganda lake. Mume wangu aliyafunika kwa turubai, akazunguka lori zima akivuta kamba moja moja. Hakuniambia maneno mengi. Alisema tu, "Mama Kambale, ukifika salama nijulishe." Kambale ni mtoto wetu wa kwanza.

Kasindi tulivuka mpaka asubuhi, tukaingia Uganda. Kuanzia hapo kwenda Lubumbashi, mji ulio katika nchi yetu wenyewe, ilinibidi nipite nchi tatu za wengine. Mussa alicheka niliposema hivyo. Nami nilicheka, lakini nilipogeuka kuangalia milima ya kwetu ikibaki nyuma, kicheko kilinikauka.

Kampala tulikwama katika msongamano wa magari mbele ya jengo la vioo. Ndani watu walikaa juu ya viti virefu, kila mmoja na kikombe cha karatasi chenye kifuniko. Ukuta ulikuwa mwekundu, na juu yake maandishi meupe.

"Wanakunywa nini wale?" nilimuuliza Mussa.

"Kahawa, mama. Hiyo ndiyo kazi ya nyumba ile. Ziko nyingi, na zote ni za kampuni moja. Nairobi utaikuta, Dar utaikuta, wanasema hadi Uarabuni. Zinaota kama vituo vya mafuta."

Nilifurahi. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliwaangalia wale watu nyuma ya vioo nikawaza: kumbe dunia imeshikwa na kiu ya kahawa, na mimi nimekalia kahawa.

Kahama, Tanzania, tulilala nyumbani kwa Mussa. Mkewe, Mama Zuhura, alinipokea kama ndugu. Alitandika mkeka, akaleta wali na maharagwe ya nazi, na chai yenye tangawizi.

"Nyie mnaolima kahawa, wenyewe mnainywa?" aliuliza.

Nilimwambia kweli, kwamba tunakunywa kidogo, zile punje zilizovunjika. Nzuri ni za kuuza.

"Basi mnamlisha mtu msiyemjua," alisema. Hakusema kwa kejeli. Alinijazia chai tena.

Tukapita Tabora, Mbeya, Tunduma, tukaingia Zambia. Mvua ilianzia huko. Ndola niliuona tena ule ukuta mwekundu na maandishi meupe, viti vilevile, vikombe vilevile, hata taa zilizoning'inia zilikuwa zilezile. Mussa alinyoosha kidole kabla sijasema kitu. Sijui kwa nini, mara hii sikufurahi sana.

Kasumbalesa, mpaka wa kurudi Kongo, ndipo tulipoumia. Malori yalikuwa yamepangana barabarani mpaka macho hayaoni mwisho, yenye kuingia Kongo na yenye kutoka na shaba. Tulikaa humo siku baada ya siku, mvua ikipiga turubai. Siku moja nilipanda juu ya mzigo, nikaingiza mkono chini ya turubai. Gunia lilikuwa limelowa. Nikaingiza mkono kwingine, nako vilevile. Maji yalikuwa yamepata tundu yakajipenyeza katikati ya mzigo. Mussa alipanda akatazama, akashika kichwa.

"Mama, nisamehe. Turubai lilikuwa zima."

"Si wewe," nilimwambia. "Ni mvua na kungoja."

Lubumbashi tuliingia jua likiwaka, kana kwamba mvua haijawahi kuijua njia ya mji ule. Sikwenda kwanza nyumbani kwa shemeji. Nilitaka nimkute Kasereka kazini, mbele ya wateja wake, ili asipate nafasi ya kunikwepa. Nilikuwa na picha ya chumba chake katika simu yangu: mlango wa mbao, meza za bati, mashine ya kukaangia iliyokaa dirishani. Nilikwenda nikiuliza, nikafika kwenye mabenki, nikasimama.

Palikuwa na ukuta mwekundu wenye maandishi meupe.

Nilidhani nimepotea njia. Nilimwonyesha mlinzi ile picha. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Hapa njo penyewe, mama. Ile ya zamani balivunja. Mwenye nyumba aliwapatia hawa ba kampuni."

Kasereka nilimkuta mtaa wa Katuba, nyumbani kwake, amekaa nje na singlendi, ndevu hazijanyolewa. Aliponiona nikishuka kwenye lori alisimama, akakaa tena, akafunika uso kwa mikono. Mkewe, Mama Ngoie, ndiye aliyekuja kunishika. Yeye ni mtoto wa Katanga ya kaskazini, babu yake aliletwa huku kujenga reli.

"Yaya, dada yangu, karibu. Kaa kwanza, kunywa mayi," alisema. "Usimukasirikie. Kila simu ikilia kutoka kwenu, anatoka inje. Aibu iko inamuua."

Kasereka akaniambia yote. Mkataba wa chumba ulipokwisha, mwenye nyumba hakutaka hata kuzungumza. Kampuni ilitaka sehemu yote ya chini ya jengo. Alitafuta mahali pengine katikati ya mji, akakuta kampuni imeshaulizia hapo pia, maana walikuwa wanafungua ya pili na ya tatu. Alijaribu kukaangia Katuba. Watu wa Katuba wanakunywa chai, au ile kahawa ya unga ya kopo. Mashine ameuza.

"Ningekuambia nini, shemeji?" aliuliza. "Mubaki mukivuna, ama mung'oe miti?"

Tulishusha magunia, yakajaza sebule yao na chumba cha watoto. Mussa aliagana nami kwa huzuni na kwenda kupakia shaba yake. Kesho yake Mama Ngoie aliita wanawake wa jirani, tukatandaza kahawa juu ya mikeka na maturubai, uani na kando ya njia, tukaigeuza kwa mikono. Kukawa na jua kwa muda wa saa mbili, halafu wingu, halafu mbio za kuirudisha ndani. Ilikuwa hivyo kila siku. Wanawake wale hawakunijua, lakini kila wingu likikusanyika waliacha vyungu vyao motoni wakaja kukimbia pamoja nami.

Ile iliyokauka vizuri Mama Ngoie aliimenya kwenye kinu, nikaipepeta, tukaikaanga kidogo kwenye sufuria. Harufu ilikuwa ya nyumbani kabisa. Nikaifunga katika kitambaa safi, nikamwambia Kasereka twende kwa wale watu wa ukuta mwekundu. Alikataa. Nilikwenda peke yangu.

Ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Vijana wa ofisi walikuwa wamefungua kompyuta zao. Niliomba kuonana na mkubwa, akaja kijana mwenye aproni nyekundu, anaitwa Trésor. Nilipomtajia Kasereka, uso wake ulibadilika.

"Papa Kasereka? Miye nilikuwa nafanya kazi kwake. Hapahapa."

Nikafungua kitambaa juu ya meza. Aliinama, akavuta harufu, akafumba macho.

"Ile kahawa naijua, mama. Miye njo nilikuwa naitengeneza kila asubuyi."

"Basi ionje. Iambie kampuni yako. Ninayo nyingi, na kwetu kilima kizima kinangoja."

Akaangalia nyuma yake, kwenye kitu cheusi kilichokuwa darini. Ilikuwa kamera.

"Mama, kahawa yetu inakuya na ndege, imeisha kukaangwa, iko mu sachets. Banaamua kule mbali, hata miye sibajue. Sina ruhusa ya kununua hata punje moja. Kahawa ya inje hairuhusiwe kuingia humu. Bakiona nimeionja, batanifukuza. Niko na batoto."

"Na hizo za kwenye vifuko zinatoka wapi?"

Alinionyesha kifuko. Nilisoma majina ya nchi, na mwishoni, kwa herufi ndogo, Kongo. Huenda ilitoka kilima cha jirani yetu, kupitia kwa walanguzi wa mpakani. Huenda haikutoka kwetu kabisa. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Alinikunjia kitambaa mwenyewe, kwa upole, akafunga fundo, akanisindikiza mpaka mlangoni. Nje aliniambia nimsalimie Papa Kasereka. Halafu akasema, "Hapana, mama. Usimusalimie."

Jumapili, tukitoka misa, Paluku alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetembea sana. Waasi walikuwa wameingia kilimani. Watu wote walikimbia kwa miguu hadi Butembo, nao wamewekwa katika uwanja wa shule. Mashine ya kumenyea kahawa imevunjwa, ghala limechomwa, na askari wao wanakata miti ya kahawa kwa ajili ya kuni.

"Watoto?" niliuliza.

"Wote wapo. Kambale ana homa. Kahawa umeuza?"

"Bado."

Nilisikia kelele za watu wengi nyuma yake.

"Basi hiyo uliyonayo ndiyo kilima chetu," alisema. "Hakuna kingine kilichobaki."

Wiki zilizofuata nilizunguka mji mzima: hoteli, maduka makubwa, kantini za migodi. Wengine walisema wanaagiza kutoka nje. Wengine walisema nirudi baada ya mwezi. Duka moja lilisema lingechukua, kama ningekuwa na vifuko vyenye chapa na karatasi za maabara. Hata Lukafu, nje ya mji, nilikwenda, maana niliambiwa kuna mkulima anayenunua mbegu. Alikuwa anatafuta mbegu za mahindi. Na nyumbani Katuba, katikati ya magunia, kahawa ilianza kuota ukungu. Kwanza ilikuwa harufu tu, kama ya nguo zilizosahaulika majini. Halafu punje zikageuka rangi. Watoto wa Kasereka walianza kukohoa, na Mama Ngoie, ambaye hajawahi kuninung'unikia, aliwahamishia kwa mama yake.

Mwishowe akaja mtu anayetengeneza kahawa ya bei rahisi kwa kuchanganya na mahindi yaliyounguzwa. Alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akanusa, akasema atachukua yote, nzuri na mbaya pamoja. Kasereka alitoka nje asione. Nilisimama mlangoni wakati vijana wake wanapakia. Alichonipa kilitosha nauli yangu na dawa za Kambale.

Nilirudi kwa mabasi, kwa njia ileile. Sikumbuki mengi ya safari hiyo. Ndola sikuangalia nje. Kampala nilikuwa na kiu, basi likasimama karibu na zile nyumba za vioo, nikanunua maji kwa mwanamke aliyekaa chini kando ya ukuta.

Butembo niliwakuta uwanjani mwa shule, chini ya mahema ya plastiki. Kambale alikuwa amepona homa. Walinikalisha katikati, wakulima wote waliobaki, nami nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa: mvua ya Kasumbalesa, chumba cha Kasereka, ukungu, mtu wa mahindi. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa mmoja anilaumu. Walisikiliza kama watu wanaosikiliza habari za kifo cha mtu ambaye walijua ni mgonjwa.

Kama kuna nililojifunza ni hili. Tuliamini kwamba kiu ya dunia ikiongezeka, njia ya kuja kwetu itapanuka. Nimeona kiu ikiongezeka, mji baada ya mji, na njia ikizibwa kila mlango mmoja wa kampuni ulipofunguliwa. Nyumba zile hazitujui hata kiasi cha kutuchukia. Zinaweza kujaza Afrika nzima bila mtu mmoja ndani yake kuwa na ruhusa ya kununua gunia kwa jirani.

Wengine walipoondoka, Paluku alibaki amekaa karibu nami. Alikuwa amekonda, na shati alilovaa halikuwa lake.

"Wale watu wa kampuni," alisema, "walipoionja, walisema ina ubaya gani?"

"Hawakuionja."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Afadhali wangeionja wakaikataa," alisema.

Kisha akasimama, akachukua ndoo yetu, akaenda kuingia katika foleni ya unga wa msaada, kwa sababu ilikuwa imeanza kusogea.