Mpiga mahema wa bwawani

Mpiga mahema wa kambi ya wazungu, huku bwawani nyuma ya Mwera, hafanyi haraka. Kila kigingi hukipangusa kwanza kwa shuka lake. Majani hufyeka yote, ila pale penye mawe mawili, kaburi la mkewe, la tangu kijiji chetu hakijahamishwa. Mgeni akipataka pale, humwambia, "Pana siafu, bwana." Jana nyapara Uweso akamcheka: "Mzee, siafu gani hao wasiohama miaka yote? Bwana anataka kivuli. Piga hapo!" Mzee akainama. Mawe aliyang'oa, akayalaza kando. Nyundo hakuigusa, vigingi alivisukuma kwa mikono mpaka ikatoka damu. Kisha akavua makubadhi, akaingia hemani kumtandikia bwana kitanda.