Blanketi la Chawia

Siku niliyomnyang'anya Mama Salma mtoto mikononi naikumbuka vizuri, mwanangu, na aibu yake bado ninayo. Nilikuwa nimeolewa hapa Kaloleni ya Voi, nimeshuka kutoka Chawia, kule milimani, ambako mtoto hufungwa sweta, kofia na blanketi la sufu ili ukungu usimpate. Sweta na blanketi hilo nikaja navyo huku, kwenye joto hili.

Mama Salma, jirani yetu, alikuwa akimbeba kifungua mimba wangu kila alasiri na kumsifu alivyonona. Mara shingo ya mtoto ikatoka vipele vidogo kama matone ya maji. Kisha vikawa vyekundu, mtoto akawa analia kutwa kucha. Mimi, ambaye hata chumvi ya jirani naionja kwanza, nikajua ni jicho baya la huyu mama, nikamnyang'anya mtoto mikononi. Nikampaka mtoto mafuta ya mgando kutoka utosini hadi unyayoni, nikamwongezea blanketi la pili. Mama Salma alipobisha, nilimjibu kupitia dirishani kwamba mtoto amelala, ilhali alikuwa akimsikia akilia.

Vipele vilipotunga usaha niliogopa nitamzika. Nikakimbia kliniki. Nesi alifungua blanketi la kwanza, la pili, akaniangalia.

"Umetoka milimani, sivyo?"

"Ndiyo."

"Mama, huyu mtoto unampika. Hii ni harara. Jasho limekosa pa kutokea, na mafuta yako yameziba kabisa."

Alinipa dawa ya usaha. Kilichobaki kilikuwa maji ya kawaida, nguo moja nyepesi ya pamba na dirisha wazi, na kumkata kucha asijikune. Ngozi ilitulia upesi. Mimi nilichelewa zaidi kwenda kwa Mama Salma.

"Nilikuja kukwambia umvue ile sweta," alisema. "Ukanifungia mlango."

Sasa sikia, mkaza mwanangu. Juzi nilipomrudisha mjukuu, nilikuona ukimfuta pale nilipomshika. Macho yangu hayajazeeka kiasi hicho. Vile vipele vyake vya mgongoni ni harara. Mvue kofia, mwogeshe, mkaushe vizuri, mafuta yaweke kabatini. Akipata homa au usaha, mpeleke kliniki usingoje. Ukishafanya hayo vikabaki, ndipo unishuku mimi.

Yule mtoto niliyempika ndiye mumeo. Mungu akukuzie wako, na akupe kumfungulia mtu mlango mapema kuliko nilivyofungua mimi.