Kitanda Anachorukia Binti Yangu Kimeahidiwa Bibi Harusi

Jumanne, 8 Julai 1975. Asubuhi ya baridi, ukungu haukuachia migomba mpaka saa tatu.

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na moja, naishi Heru Juu. Nimenakili haya kutoka shajara yangu, na nimemwomba mhariri alifiche jina langu.

Binti yangu wa mwisho ana miaka sita. Hasemi, hamtazami mtu usoni. Jogoo akiwika karibu, anaziba masikio na kujigonga kichwa ukutani. Zahanati walisema ni kiziwi. Kiziwi gani anaziba masikio?

Mwaka jana tulihamishiwa kijiji kipya. Kitanda chetu cha springi hakikupita mlangoni, kikabaki nyuma ya jiko. Mtoto akapanda, akaanza kurukaruka. Nilikimbia kumshusha, nikauona uso wake umetulia, nikamwacha. Tangu hapo, akiruka asubuhi anakula bila kutupa bakuli. Akiruka jioni, analala mapema. Wiki iliyopita alishuka akihema, akanishika kidevu, akanitazama machoni. Sikuwahi kutazamwa naye hivyo.

Sasa shemeji yangu wa Busunzu anaoa baada ya mavuno ya mtama. Katika ukoo wao, kaka mkubwa ndiye humpa mdogo wake kitanda cha ndoa. Mume wangu alikwisha kukiahidi hiki mbele ya wazee, wakanywa pombe ya kuthibitisha.

Leo mama mkwe alikuja kukikagua, akamkuta mtoto juu yake. "Bibi harusi alale chini ili huyu aruke kama mbuzi?"

Jirani akadakia kutoka uani kwake, maana siku hizi nyumba zimebanana, "Mwacheni aruke, bibi! Kuku wangu wanataga vizuri!"

"Mama, huyu hachezi," nilisema. "Hii ndiyo dawa yake."

"Dawa ya chuma! Nani kakuandikia?"

Nikamgeukia mume wangu. Alitazama chini. "Mke wangu, pombe ya neno langu imekwisha nywewa."

Nilijaza maganda ya maharage guniani, nikamwambia mtoto alirukie. Alikanyaga mara moja, akalia. Jioni baba yake alikisimamisha kitanda ukutani, akaanza kusugua kutu.

Nikikatalia kitanda, nimemwaibisha mume wangu kwa ukoo mzima. Nikinyamaza, nitamsubiri tena mtoto wangu kwa miaka mingapi? Ninyi wenye watoto kama huyu, nielekezeni. Nishike lipi?

Mtoto amelala saa nane usiku, bila kuruka. Mimi bado macho, saa kumi na nusu.